Mwalimu Kavindu na Kapasita Mia na Nne

Mwalimu Kavindu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha elektroniki. Minane ya kwanza aliitumikia Kitui, na iliyobaki yote ameimalizia hapa kwetu, Chuo cha Ufundi Ithimani, karibu na Mukuyuni. Kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu wake, walimu wote walikumbuka ghafla kwamba wana mitihani ya kusahihisha, na kazi ikaniangukia mimi, Muturi wa stoo. Sikukataa. Mtu anayekugongea dirisha kila asubuhi kuomba waya, kisha akaondoka na waya pamoja na kalamu yako, unamfahamu kuliko mkuu wa chuo anavyomfahamu.

Alizaliwa upande wa Mutitu, Kitui, na hilo hataki mtu alisahau. Asali ya kwao ndiyo asali, hii yetu ya Makueni ni maji ya sukari. Jua la kwao ndilo jua. Mimi niliyezaliwa Makindu na wazazi waliotoka Murang'a amekuwa akiniita mgeni tangu siku ya kwanza, ingawa nilimtangulia kuajiriwa hapa na ndimi niliyemwonyesha choo kilipo.

Alipoanza kazi kule Kitui mwaka wa 1993 alikuwa mwanamke wa pekee katika idara yake. Wakubwa wakadhani amekuja kupiga chapa, wakampa meza na taipureta iliyokwama. Aliifungua, akaisafisha, akaifunga, akamrudishia mkuu wake ikiwa inafanya kazi kama mpya, kisha akauliza karakana iko wapi. Hakuna aliyemletea barua ya kupiga chapa tena.

Alihamia Ithimani mwaka wa 2001 akakuta chumba kimoja, meza moja na redio nyingi zilizokufa. Leo karakana ile ina madawati, vipimo na wanafunzi wanaogombea nafasi. Waliopita mikononi mwake wamefungua vibanda vya kutengeneza simu na televisheni kuanzia mji wa Wote hadi Mwingi, na ukiwatajia jina lake, wengi wao hujikagua kwanza mkono wa kushoto uko wapi.

Hilo la mkono linahitaji maelezo. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba mtambo ukiwa na umeme, mkono mmoja ufanye kazi na mwingine ukae mfukoni. Umeme ukikupata kwa mkono mmoja utaruka na kutukana. Ukikupata kwa yote miwili utapita kifuani, na hapo hutatukana mtu tena. Wasichana wa mwaka wa kwanza walipolalamika kwamba sare zao hazina mifuko, aliwapeleka idara ya ushonaji wakashona mifuko wenyewe kabla ya kugusa waya wowote. Mazoea hayo yalimwingia mwenyewe hadi mifupani. Anakunywa chai mkono ukiwa mfukoni, anasoma Biblia mkono ukiwa mfukoni, na katika picha ya harusi ya binti yake amesimama kando ya maharusi, mkono ndani ya mfuko wa gauni, kama askari kanzu.

Sasa nifike kwenye kapasita, maana huwezi kumsimulia Mwalimu Kavindu ukaziruka.

Kwa wageni wasiojua mambo haya, kapasita ni kidude kidogo kinachokaa ndani ya amplifaya, yaani mtambo wa kukuza sauti, kati ya hatua moja na inayofuata, kama bawabu mlangoni. Umeme mkali wa hatua ya kwanza hauruhusu uvuke, lakini wimbo huuruhusu. Ila bawabu huyu ana ukubwa wake. Akiwa mdogo huruhusu sauti nyembamba tu, na zile nzito zikabaki nje. Akiwa mkubwa hata nzito hupita. Ukubwa wenyewe huandikwa mgongoni mwake kwa tarakimu tatu: 103 ni ndogo, na 104 ni kubwa kuliko hiyo mara kumi.

Mwaka wa 2006 Mwalimu alipigia simu duka moja la Nairobi kuagiza kapasita chache. Akasema, kwa Kiswahili chake kisichotaka kuulizwa swali, atumiwe kapasita za mia na nne, zile za kuhimili umeme mkubwa. Alikuwa akitaja aina. Muuzaji akasikia hesabu. Basi la jioni likashusha boksi lenye kapasita mia na nne kamili, na kwa kuwa muuzaji alijiona hakuambiwa aina, alijaza zile zilizokuwa zimejazana rafuni. Zote zilikuwa 103. Duka likasema mali ikitoka hairudi.

Mtu mwingine angenung'unika wiki moja kisha akasahau. Mwalimu Kavindu alifanya jambo la hatari zaidi: aliligeuza kosa lile kuwa imani. Kila amplifaya iliyotengenezwa Ithimani tangu siku hiyo, ya kanisa, ya shule au ya baraza la chifu, iliwekwa 103. Sauti ikatoka nyembamba na safi. Aliyeuliza besi iko wapi aliambiwa kwamba besi ni kelele za vijana, na kwamba watu huenda kanisani kusikia neno, hawaendi kutikiswa mbavu. Na ukweli usemwe, maneno yalisikika. Chifu akitangaza chanjo ya mbuzi, hata mbuzi walielewa. Wanafunzi wakahitimu, darasa baada ya darasa, wakiamini kwamba Mungu aliumba kapasita moja tu ya kazi hiyo. Wahenga walisema mazoea yana taabu, lakini sisi hatukuiona hiyo taabu, kwa sababu hakuna aliyekuja kulalamika.

Mwaka jana Mwalimu aliamua kuwaachia wanafunzi kumbukumbu. Atatengeneza kwa mikono yake amplifaya ya zamani, ile ya taa za glasi zinazoitwa valvu, zinazowaka rangi ya chungwa zikipata moto. Alisema vijana wa leo wamezoea mitambo ambayo kila kitu kimefichwa ndani ya kipande kimoja cheusi, lakini kwenye valvu unaweza kunyoosha kidole na kusema wimbo umefika hapa. Valvu akaziokota kwenye redio za kale zilizokuwa zikifugiwa kuku katika nyumba za Nunguni. Mbili zilitoka kwenye redio ya marehemu baba yangu kule Makindu, nami nikazitoa shingo upande.

Kilichobaki kilikuwa bati la kusimamishia mitambo yote hiyo. Sinia kubwa la aluminiamu la jikoni lilipotea Jumatatu, na Jumatano lilionekana karakanani likiwa na matundu.

Mpishi wetu mkuu ni Mama Kasiva, na asiyemjua aulize waliowahi kurudisha sahani chafu. Alikuja kudai sinia lake akiwa na mwiko mkononi. Alichokikuta ni sinia lililogeuzwa kifudifudi, limepandwa valvu zinazowaka, na nyimbo za redio zinatoka kwenye spika. Alisimama akalitazama, akageuka, akaondoka bila kumpiga mtu, jambo lililotutisha zaidi. Mchana alirudi. Safari hii mwiko haukuwepo, bali kanda ya kaseti iliyofungwa ndani ya leso.

"Kama sinia yangu imejua kuimba," akasema, "basi iimbe hii."

Ilikuwa kanda ya kwaya ya kanisa lake la Nunguni, iliyorekodiwa zamani, sote tukiwa na nywele nyeusi. Mumewe, Mbithi, aliyefariki mwaka juzi, alikuwa mwimbaji wa besi. Ninamkumbuka, mtu mfupi mpole ambaye ukimsalimia alikujibu kwa sauti ya kutoka kisimani. Mwalimu akaiweka kanda. Soprano wakaingia, alto wakawafuata, wanaume wa sauti ya tena wakaungana nao, na wanafunzi wakaanza kutikisa miguu. Mama Kasiva alisikiliza hadi mwisho, mikono kifuani.

"Kwaya ndio hiyo," akasema. "Lakini Mbithi hayuko."

Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba kanda ni ya miaka mingi, na kanda zikizeeka hupoteza sauti. Mama Kasiva hakubishana. Alianza kuifunga leso upya, na alivyosema alisema kama mtu ambaye jambo hilo ameshalizoea.

"Hata siku ya kumzika waliicheza kanisani. Nikasikia watu wote, yeye peke yake ndio sikusikia. Nikasema basi, labda amekataa kuimba kwa mazishi yake."

Alitaka tucheke. Hatukucheka, kwa sababu amplifaya ya kanisa lile ilitengenezwa hapa, na ubavuni mwake imeandikwa kwa rangi nyekundu, ITHIMANI, kwa mwandiko wa Mwalimu Kavindu.

Mwalimu aliiomba ile kanda. Akavaa hedfoni, akachomeka moja kwa moja kwenye mashine ya kaseti bila kupitia amplifaya, akasikiliza ubeti wa kwanza. Akafumba macho, akasikiliza wa pili. Kisha akazivua polepole akaniangalia.

"Muturi, huyu mtu yuko," akasema. "Ni mimi nimemfungia nje."

Nimefanya kazi naye miaka mingi, na neno "ni mimi" sikuwahi kulisikia kutoka kwake isipokuwa kwenye simu.

Alimwomba Mama Kasiva asubiri, kisha akaja dirishani kwangu kuomba kapasita za 104. Hatukuwa nazo hata moja. Karibu miaka ishirini hatukuwahi kuagiza, imani haikuruhusu. Nilichokuwa nacho ni lile boksi la 103, ambalo lilikuwa bado halijaisha, na sitasema uongo, nilimpa huku nikitabasamu. Alilifungua akaanza kuzihesabu. Kapasita zina tabia moja nzuri: ukizifunga bega kwa bega, ukubwa hujumlishwa. Kumi za 103 zikisimama pamoja ni sawa na 104 moja. Mwalimu alikuwa amelifundisha hilo kila muhula, na hakuna siku hata moja ambayo lilimhusu yeye.

Laiti angeanza na kumi. Lakini aliyeokoka jana huimba kumshinda mchungaji, na mwalimu wetu alikuwa ametubu kwa moyo wote. Alilehemu karibu nusu ya boksi, mstari mrefu uliopinda mezani kama jongoo, akazifunga mahali pa ile moja, akawasha. Valvu zikawaka vizuri. Badala ya Mbithi, spika ikaanza kusema puk, puk, puk, puk.

Ndivyo inavyokuwa bawabu akiwa mkubwa kupita kiasi. Mlango unabaki wazi hata kwa mitikisiko isiyo wimbo, mtambo unaanza kusikiliza pumzi zake wenyewe na kuzirudia, na kila ukizirudia zinakua. Mwalimu aliuacha uendelee kupumua ili apime tatizo liko wapi. Dirisha lilikuwa wazi, spika imeelekea barabarani, na kinu cha kusaga cha jirani, ambacho hulia puk puk vilevile, kilikuwa kimeharibika tangu wiki iliyopita.

Mwanamke wa kwanza aliingia getini na mahindi mgongoni. Wa pili alikuja na punda. Mama Kasiva, aliyekuwa amerudi jikoni mara moja kuangalia maharagwe, aliulizwa foleni inaanzia wapi, naye bila kutabasamu akawaelekeza karakanani. Yule wa kwanza alichungulia ndani, akalitazama sinia lenye taa, akauliza kwa heshima kama hii ya kisasa inasaga laini.

Mwalimu aliwaomba radhi hadi akaishiwa. Wao wakasema maadamu wamefika watakaa waone itasaga nini. Wakaketi kwenye benchi la wanafunzi, punda akafungwa kwenye mlingoti wa bendera, na Mwalimu akarudi kazini, mkono mmoja mfukoni, anazima, anakata kapasita chache, anawasha. Puk, puk ikapungua. Akakata nyingine. Ikawa mara moja moja, kama mtu anayeshikwa na kwikwi. Akakata tena, na mtambo ukanyamaza kabisa. Zilikuwa zimebaki kumi. Yaani alikuwa amezunguka miaka yote hiyo akafika kwenye kapasita ileile aliyoiagiza kwa simu mwaka wa 2006.

Nikatumwa kumwita Mama Kasiva. Alikuja na mwiko wake, maana maharagwe yalikuwa bado motoni, akasimama palepale aliposimama mwanzo.

Soprano wakaingia kama kawaida, na alto, na wale wa sauti ya tena. Halafu katika mstari wa pili, kutoka chini ya wote, akaingia mtu wa nne. Spana zilizokuwa mezani zilianza kutetema kidogo. Sauti ilikuwa pana, tulivu, na kusema kweli ilikuwa kubwa kuliko ilivyotakiwa. Ilikuwa imewabeba wenzake wote kama mtoto anayebebwa mgongoni. Nilimtambua kabla sijakumbuka jina lake. Nilijikuta nimeisalimia spika, na sioni haya kuliandika hilo katika programu ya sherehe.

Mama Kasiva aliweka mwiko mezani.

"Mbithi, punguza," akasema. "Unafunika wengine."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mke anayemgusa mumewe kiwiko kanisani. Baadaye alitueleza kwamba ndivyo alivyomwambia kila Jumapili, wakitoka ibadani, maisha yao yote ya ndoa, na kila Jumapili iliyofuata Mbithi alirudia kosa lile. Lakini wakati ule hatukujua. Mwalimu Kavindu alidhani amepewa amri, akanyoosha mkono kwenye kitufe cha sauti. Mama Kasiva akamshika ule mkono.

"Wacha, Mwalimu. Usipunguze."

Hakuuachilia. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka, na Mwalimu pia, na ndipo nilipoona ule mkono wa kushoto unatoka mfukoni. Wakasimama wamekamatana mikono yote miwili, mtambo ukiwaka nyuma yao na umeme wake wote, kinyume na kanuni ya kwanza ya karakana. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Yule mama wa punda akaanza kufuatisha alto, taratibu, kumbe wimbo anaujua. Siku hiyo maharagwe yaliungua, na wanafunzi walioyala hawakusikika wakilalamika.

Tangu hapo hadi leo, Jumamosi za Mwalimu Kavindu zimekuwa za kutembelea makanisa. Alianzia Nunguni, akaifungua amplifaya yake mwenyewe mbele ya wazee wa kanisa, akawaambia alipokosea. Akaendelea na nyingine alizozijenga, moja moja, hadi za kwao Kitui, anatoa 103 anaweka 104. Kapasita hizo ziliagizwa na mimi, safari hii kwa kutuma picha ya tarakimu pamoja na maneno, ili muuzaji asije akatuletea shehena. Walimu wa kwaya wameanza kulalamika kwamba waimbaji wa besi wamekuwa na majivuno. Chifu bado ana 103 yake, maana kwa chanjo ya mbuzi hiyo ndiyo inayofaa, na Mwalimu hajakubali kwamba alikosea kwa chifu.

Somo lenyewe amelibadilisha. Zamani aliwaanzisha wanafunzi na hesabu. Sasa, kabla hawajashika kikokotoo, anawataka waseme kwanza ni nani anayetakiwa kusikika, kisha ndipo watafute bawabu wa kumruhusu apite. Nimewasikia wakilijibu swali hilo kupitia dirisha la stoo. Mmoja alisema bibi yake. Mmoja alisema ng'ombe wao, na akapewa alama.

Sinia halitarudi jikoni. Mama Kasiva amekataa kulipokea, na Ijumaa litakuwa juu ya meza kuu, na zile kapasita kumi zikiwa zimepangwa bega kwa bega mahali pa moja. Mtu yeyote asiweke soda karibu nalo. Zawadi ya chuo ni mizinga ya nyuki ya kisasa, tuone sasa kama asali ya Mutitu ni kweli. Zawadi ya stoo ni lile boksi pamoja na kapasita za aina ya 103 zilizosalia ndani yake. Kalamu zangu naomba azirudishe.

Mwalimu Kavindu, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, wanafunzi wako wa zamani na wa sasa, na wale akina mama wawili walioondoka na mahindi yao hayajasagwa, asante. Umetufundisha kuogopa umeme, na ulipokosea ulitufundisha kujikosoa mbele za watu. Tunakuombea afya, mvua za wakati na nyuki watulivu. Ukifika Mutitu watu watakwambia umezeeka, upumzike, unyamaze kidogo, uwaachie wengine waseme. Usipunguze.